CHOO CHA BWANA AFYA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nataka tuzungumze kuhusu choo. Najua yupo atakayesoma kichwa cha habari na kusema, "Shehe leo kaishiwa na mada." Ndugu yangu, vuta subira usome mpaka mwisho. Nina jambo langu mwenyewe la kukiri humu, nimekaa nalo miaka, na naona ni haki ya wanafunzi wangu walisikie kwangu kabla hawajalisikia kwa wengine.

Mimi nimezaliwa katika kambi ya mkonge wilayani Korogwe. Baba yangu alitoka Kigoma miaka ya hamsini, akaletwa kama manamba kukata mkonge. Mama yangu ni Mzigua wa Handeni. Waliosihi kwenye makambi wananielewa nikisema "laini": vyumba vimepangwa kama mabehewa ya treni, chumba kimoja familia moja. Laini zile zilijengwa kwa fikra ya mwanamume aliye peke yake, afanye kazi mkataba uishe, arudi kwao. Wengi hawakurudi. Walioa, wakazaa, wakazeeka palepale. Watu wakaongezeka, vyoo vikabaki vilevile. Alfajiri tulikuwa tunapanga foleni chooni kabla ya kupanga safu ya swala.

Mara mojamoja bwana afya alikuja na baiskeli. Sisi watoto ndio tuliokuwa wapiga mbiu. Tukimwona tu kwenye barabara ya mkonge tunakimbia laini nzima tukipiga kelele, "Bwana afya! Bwana afya!" Hapo utawaona akina mama wanamwaga majivu chooni, wanafagia, wanafukuza kuku ndani, wanatundika gunia jipya mlangoni. Bwana afya anaandika kwenye daftari lake, anaondoka. Jioni gunia linarudishwa kuanikia mahindi.

Bei ya mkonge ilipoanguka, baba akaamua tuhamie kwao mama, Handeni. Huko ndiko nilikoona kituko ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka, kisha nanyamaza.

Mjomba wangu alikuwa na choo kizuri kuliko vyote kitongojini. Shimo refu, ukuta wa fito umekandikwa vizuri, paa la nyasi, mlango una kitasa cha mti. Siku ya kwanza nimebanwa na tumbo nikakimbilia humo. Mjomba akanishika mkono. "Wewe! Humo hakuingiwi. Hicho ni cha bwana afya."

Ndugu zangu, watu wote wa nyumba ile walikuwa wanakwenda kwenye mihogo. Choo kilikuwa kinafagiliwa kila Ijumaa, hakina hata nzi, kwa sababu hakikupata kutumiwa. Bwana afya akija anafungua mlango, anaangalia, anasema "Safi sana mzee," anaweka alama ya vema. Mjomba alikuwa anasifiwa mpaka kwenye mkutano wa kijiji.

Msimcheke. Mjomba hakuwa mjinga wala mchafu. Alikuwa na sababu zake. Kwa mila za kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawawezi kuingia choo kimoja. Ni aibu kubwa, na nyumba ile ilikuwa na wakwe wawili. Pili, wazee wale walikulia kwenye vitongoji vya mbalimbali. Mji mmoja hapa, mwingine kule ng'ambo ya bonde, pori katikati. Mtu akienda porini, jua na udongo vinamaliza kazi. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, 1973 mpaka 1976, watu wakasogezwa wakae pamoja. Kaya zilizokuwa zinatazamana kwa moshi tu sasa zikawa zinasikilizana zikikohoa. Tabia ya porini ikahamia kijijini, lakini pori halikuhamia nayo. Pale ndipo uchafu wa jirani ulipoanza kufika kwenye maji ya jirani.

Serikali ililiona hilo. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wanaikumbuka: watu wanakaa vikundi vikundi mbele ya redio, wanasikiliza somo, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walishiriki. Vilichimbwa vyoo vingi, vikajengwa vichanja vya vyombo, vichaka vikafyekwa. Miaka michache baadaye, 1977 na 1978, kipindupindu kikalipuka nchini. Hapo mabwana afya wakaongeza ukali, na vijiji vikajaa vyoo. Sasa swali ambalo sikujiuliza nikiwa mtoto ni hili: katika vile vyoo vyote, vingapi vilikuwa kama cha mjomba?

Hapa ndipo dini inapoingia.

Mtume wetu (s.a.w.) alitutahadharisha na riya, akaiita shirki ndogo. Tumezoea kuitafuta riya kwenye swala: mtu anarefusha rukuu akijua anatazamwa. Tumezoea kuitafuta kwenye sadaka na hija. Wallahi mimi nimeiona riya chooni. Mtu anachimba shimo ili jicho la mkubwa lione. Mkubwa akigeuka, mambo yanarudi palepale. Kitu kilichowekwa kwa ajili ya kulinda uhai wa watoto kimegeuzwa pambo la kumridhisha mtu mwenye daftari.

Nilikuwa naitoa hadithi ya mjomba kwenye darsa, watu wanacheka, nami nacheka nao. Sikujua kuwa na mimi ninacho choo changu cha bwana afya.

Mwaka 2015 nilikuwa imamu kijijini, wilaya ya Handeni. Kijiji sitakitaja, wala msikiti sitautaja. Ulikuwa msikiti mzuri, maashallah. Waumini walichanga, mfadhili akaongeza, tukapiga rangi nyeupe na kijani, tukaweka marumaru mbele, tukanunua mazulia na spika nne. Mgeni akishuka kwenye basi anauona. Nyuma ya msikiti, upande ambao mgeni haufiki, kulikuwa na vyoo viwili. Sakafu ya miti imefunikwa udongo, mchwa wamekwishaanza kuila. Milango ya mabati iliyopinda. Maji ya udhu na ya kutawaza yanatoka kwa mfereji mmoja, yanashuka mteremkoni. Chini ya mteremko kuna kisima cha wazi ambacho nusu ya kitongoji kilikuwa kinachota.

Akaja bibi afya wa kata. Binti mdogo, pikipiki ya kuazima, buti zimejaa vumbi. Ilikuwa ni Kampeni ya Taifa ya Usafi wa Mazingira, ile iliyoanza 2012, wanapita kaya kwa kaya na taasisi kwa taasisi wakijaza rejesta. Choo bora kwao kina masharti yake: sakafu inayosafishika, tundu lenye mfuniko, ukuta na paa na mlango wa kumsitiri mtu, na mahali pa kunawia mikono kwa sabuni.

"Shikamoo Shehe."

"Marhaba mwanangu."

"Naomba nione vyoo vya msikiti."

Nikampeleka kwa shingo upande. Akatazama bila kuziba pua, kisha akaniuliza maswali matatu. Siku ya Ijumaa mnakuwa watu wangapi? Watoto wa madrasa wananawa wapi wakitoka humu? Na haya maji yanaishia wapi?

Swali la tatu sikulijibu. Nilikuwa najua yanaishia wapi. Akaandika kuwa choo hakifai, akatupa siku thelathini kwa mujibu wa sheria ndogo, akaniaga kwa adabu.

Ndugu zangu, badala ya kushukuru, nafsi yangu ilichemka. Binti mdogo, anakuja kuniandikia mimi, imamu, kwamba nyumba ya Allah ina kasoro? Ijumaa ile nikapanda mimbari nikasema kuna watu wanaisumbua misikiti kwa visingizio vya afya. Waumini wakaitikia takbir. Nilijisikia mshindi.

Khutba iliyotangulia ile, wiki mbili nyuma, nilikuwa nimezungumzia twahara. Niliwapa ile hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) anapita kwenye makaburi mawili, anawaambia masahaba kwamba waliomo wanaadhibiwa, na mmoja wao ni kwa sababu hakuwa anajikinga na mkojo. Niliieleza vizuri mpaka wazee walilia. Nilifundisha namna ya kustanji, mkono gani, maji kiasi gani. Twahara yangu ilikuwa inaanzia mwilini mwangu na kuishia kwenye nguo yangu. Ikifika kwenye kisima cha jirani, nilikuwa sina habari nayo.

Mvua za vuli zikaja. Usiku mmoja shimo likatitia. Miti iliyoliwa na mchwa ilikatika, choo kimoja kikazama chote, na maji ya mvua yakaingia shimoni yakatoka na kila kilichokuwemo. Asubuhi tulipoenda kuangalia, mteremko wote ulikuwa umechorwa njia moja mpaka kisimani.

Wiki ile watoto wakaanza kuhara. Kwanza wawili, kisha sita, kisha sikuwa nahesabu tena. Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kimeanzia Dar es Salaam mwezi Agosti na kusambaa mikoani, kwa hiyo hofu ilikuwa kubwa. Wengi walipona, alhamdulillah, kwa maji ya chumvi na sukari na kwa juhudi za zahanati. Mmoja hakupona. Alikuwa mwanafunzi wangu, miaka saba, ndio kwanza anaanza Juzuu Amma.

Daktari hakuniambia kuwa ni choo cha msikiti. Wazazi wake hawakuniambia. Hakuna aliyepima maji yale, na ajali ya kila nafsi iko mikononi mwa Allah. Hayo yote nayajua na ninayaamini. Lakini niliposimama mbele ya lile jeneza dogo kumswalia mtoto niliyemfundisha kwa mkono wangu nguzo za udhu, nililisikia swali la yule binti kama ananiuliza sikioni: na haya maji yanaishia wapi?

Kadari tunaiamini. Kadari haijawa kichaka cha kuficha uzembe wetu.

Nilikwenda ofisini kwake kwa miguu. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea mbele za watu, nitakuomba radhi mbele za watu." Ijumaa iliyofuata nikafanya hivyo. Safari hii hapakuwa na takbir.

Kisha tukachimba. Yeye ndiye aliyetuonesha pa kuchimba: upande wa chini ya chanzo cha maji, si juu yake, na si chini ya mita thelathini kutoka kisimani. Tukajengea shimo kwa matofali lisititie, tukamwaga zege juu badala ya miti, tukaweka mabakuli yenye mfuniko unaojifunga. Maji ya udhu tukayatenga na maji ya chooni, tukayapeleka kwenye migomba. Kwa kuwa bomba hatukuwa nalo, watoto wa madrasa walitengeneza vibuyu chirizi: dumu dogo limening'inizwa, kamba, kijiti cha kukanyaga kwa mguu, kipande cha sabuni pembeni. Kitu cha shilingi chache. Marumaru ya mbele ya msikiti ilitugharimu zaidi ya kazi hii yote.

Tulipomaliza pale, vijana wakaniambia, "Shehe, twende na majumbani." Tukaanza na wajane na wazee wasio na nguvu. Yuko bibi mmoja alikuwa ameshatozwa faini mara mbili kwa kukosa choo. Bibi wa miaka sabini na kitu, anaishi na wajukuu watatu, udongo mgumu kama jiwe wakati wa kiangazi: angechimba na nani? Tulipokwenda ndipo nikaona na nyumba yenyewe. Chumba kimoja, hakina dirisha, mbuzi wanalala humohumo, sakafu ya vumbi yenye nyufa wanamokaa papasi, na kati ya ukuta na paa upenyo wa mbu kupita watakavyo. Choo peke yake hakikutosha. Tukamfungulia dirisha, tukaziba upenyo, tukatengeneza banda la mbuzi na kichanja cha vyombo, tukapiga sakafu kwa udongo na mchanga mpaka ikashika. Siku tatu za watu kumi.

Hapa lazima niseme neno na wenye mamlaka pia, kwa sababu Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Imamu ataulizwa, na mtendaji ataulizwa, na mkurugenzi ataulizwa.

Handeni ni nchi ya kiu. Aliyekaa kwetu anajua mama anaamka saa tisa usiku kwenda kupanga ndoo lamboni, na maji yenyewe ng'ombe ameshakanyaga. Mradi mkubwa wa maji tuliouzoea kwa jina la HTM ulijengwa miaka ya sabini kuvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa pampu mpaka Handeni. Watu wakaongezeka, mitambo ikachakaa. Kwa hiyo Korogwe mto unapita mlangoni, na Handeni mtu anatawadha kwa kikombe kimoja. Mwezi Juni 2022 Serikali ilisaini mikataba ya maji ya miji 28, kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, na Handeni na Korogwe zimo. Tunaomba Allah autie baraka, na tunawaomba wahusika wajue kuwa kila mwezi unaochelewa unamkuta mama yule lamboni. Huwezi kumwambia mtu anawe mikono kwa maji aliyoyabeba kichwani saa nne, kisha ukashangaa akichagua kuyanywa.

Na faini? Sheria ndogo ni jambo jema. Yuko mtu ana pikipiki mbili na dishi juu ya bati, na hana choo; huyo atozwe, tena bila kuonewa haya. Lakini kumtoza bibi kikongwe ni kumwadhibu kwa umaskini wake. Kabla hujaandika risiti, uliza: huyu hataki au hawezi?

Baada ya 2017 tulisikia "Nyumba ni Choo" redioni na kwenye nyimbo. Mwaka 2024 jina la Mtu ni Afya likarudi tena. Nusu karne imepita tangu lile la kwanza, na tunaambiwa jambo lilelile. Tusiwalaumu wanaotuambia. Tujiulize kwa nini bado inabidi tuambiwe.

NDUGU YANGU, CHUKUA MAMBO MANNE:

1. Twahara yako haijakamilika mpaka jirani yako asalimike nayo. Katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha na mambo mawili yanayomletea mtu laana: kujisaidia kwenye njia wanayopita watu na kwenye kivuli wanachopumzikia. Na ametukataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama. Itazame sababu: ni maudhi na madhara kwa watu. Choo kinachovujia kisimani kinatofauti gani na hayo?

2. Iangalie nyuma ya msikiti wenu kabla hujaangalia mbele. Allah katika Surat At-Tawba aya ya 108 aliwasifu watu wa msikiti wa Quba kwa kupenda kwao kujitakasa, hakuwasifu kwa uzuri wa kuta. Kamati ya msikiti inayochangisha marumaru huku watoto hawana pa kunawa, irudi ikahesabu upya.

3. Mila ya wakwe ina dawa. Usiivunje heshima, ongeza shimo. Vyoo viwili ni nafuu kuliko mihogo, na ni sitara zaidi kwa binti yako usiku.

4. Kondoo aliyepotea ni wa mchungaji pia. Katika kitongoji chako yupo mjane asiye na choo na nyumba isiyo na dirisha. Kuondoa kero njiani ni tawi la imani; sasa kuondoa maradhi nyumbani kwa mtu itakuwaje? Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa watu wote. Wewe huna kisima, lakini una jembe na siku yako ya Jumapili.

Mjomba wangu alifariki zamani, Allah amrehemu. Miaka yake ya mwisho alishindwa kutembea mpaka kwenye mihogo, na ndipo alipoanza kukitumia kile choo chake. Aliniambia siku moja, nusu mzaha, "Mwanangu, kumbe nilijijengea mwenyewe."

Basi tujenge tukijua tunajijengea wenyewe. Bwana afya atakuja na daftari lake ataondoka. Yupo asiyeondoka, na daftari lake haliandikwi kwa kutazama mlango.

Ewe Mola wetu, tutakasie nyoyo zetu na riya, miili yetu na najisi, na maji yetu na maradhi. Wape nguvu wanaotutumikia kwa haki, na uwaongoze wanaosahau. Mjalie mtoto yule awe kitangulizi kwa wazazi wake Peponi, na unisamehe mimi mja wako. Amin.

Ukimaliza kusoma, usikimbilie kuandika "amin" peke yake. Inuka, zunguka nyuma ya nyumba yako, uangalie maji yanaishia wapi. Kisha mtumie na nduguyo.

Wabillahi tawfiq.